Bolti Aliyoipita Mama Tening

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Tening Ngom anavua ndala zake ukingoni mwa lami na kuvaa buti za mpira. Anafunga kitambaa kichwani, anatupia fulana ya njano inayong'aa, anachukua gunia lake dogo. Wenzake watatu wamekwisha kujipanga kwa upana wa njia ya kurukia ndege, kila mmoja na eneo lake. La kwake ni la kushoto.

"Haya, watoto wa watu," anasema. "Macho chini, midomo juu."

Wanaanza kutembea. Njia ya ndege ya Kafolong, huku kusini mwa Senegal, ina urefu wa mita elfu moja na mia tano. Wanakwenda na kurudi, wakiokota kila kisichotakiwa kuwapo: vijiwe, vipande vya tairi, vifuniko vya chupa, magamba ya konokono. Ndege ya mapangaboi kutoka Dakar itatua saa mbili na nusu, na kabla ya hapo lami inapaswa kuwa tupu.

"Injini haina adabu ya chakula," Tening anamwambia mwandishi bila kuinua uso. "Inameza tu. Wewe unaona kijiwe, yenyewe inakiona mwiba wa samaki kooni."

Kutoka kwenye maegesho ya ndege, sauti ya mwanamume inawafikia. Ni Keba Sagna, dereva wa trekta la mizigo.

"Bibi mtama! Leo umelala njiani?"

"Nyamaza, tumbo la wali!" Tening anajibu papo hapo. "Mimi nikilala bado naona. Wewe ukiamka unaona sufuria tu!"

Kicheko kinazagaa uwanjani. Tening ni Mserere, mtu wa nchi ya mtama na karanga. Keba ni Mjola, na Wajola bila wali hawahesabu kuwa wamekula. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za mababu. Msomaji wa kwetu, aliyewahi kuona watani wakiingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe chochote, hahitaji kuelezwa zaidi. Mtani hakasirikiwi, hanyimwi, na alichoambiwa kwa utani hakigeuzwi kinyongo.

Akitembea, Tening ana mtindo wake. Kila hatua tatu nne anageuza kichwa upande, kama kuku anayekagua punje. Wenzake huuita madoido ya uzee. Mwandishi naye, siku hiyo ya Jumanne, aliandika kwenye daftari lake: "Ana madaha."

Hayakuwa madaha. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu sikukuu ya kuchinja ya mwaka jana, na asubuhi ile hapakuwa na mtu aliyelijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Alibakiza miezi kumi na moja astaafu. Kanuni iko wazi: asiyeona vizuri hatembei njia ya ndege. Na Tening alikuwa amejiapiza kwamba hatatolewa pale hata siku moja kabla ya wakati.

"Wakinitoa kwenye lami hii wamenizika," alimwambia mwandishi wakirudi, naye akadhani ni maneno tu ya mtu anayeipenda kazi yake.

Anaipenda kweli. Ana miaka hamsini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitembea njia hii. Alikuja kutoka Sine, nchi ya Waserere, akimfuata mumewe, Waly, aliyekuwa dereva wa gari la zimamoto hapa hapa uwanjani. Waly alipofariki, watoto watatu walikuwa bado hawajamaliza shule. Mkuu wa uwanja wa wakati huo alimpa mjane ufagio. Kwa mshahara ambao leo ni faranga elfu sabini na nane kwa mwezi amewasomesha wote, na binti mkubwa sasa ni mkunga.

Ila watu wa Kafolong hawamjui kwa ufagio wake. Wanamjua kwa benchi.

Habari ya benchi inaanza miaka mitatu iliyopita, wakaguzi wa kimataifa wa usalama wa anga walipokuja kuukagua uwanja huu. Uzio waliusifu, gari la zimamoto walilikubali. Kisha wakauliza: mfanyakazi akikosea, au akiona kosa, anamwambia nani? Watu wakatazamana. Wakaguzi wakaandika kwamba uwanja hauna utaratibu wa kutoa taarifa za makosa, na kwamba usipokuwa nao, cheti chake kitakuwa mashakani.

Akaletwa mtaalamu wa kuwasaidia. Anaitwa Adilson Évora, mtu wa visiwa vya Kepuvede, mrefu, mwembamba, anayekunywa kahawa bila sukari kana kwamba kuna anayemlipa. Alifunga sanduku la njano ukutani, akaweka fomu na kalamu pembeni. Akakusanya watu na kuwaeleza kwamba kanuni za dunia nzima ni hizi: anayesema kosa lake kwa hiari haadhibiwi, na jina lake si lazima aliandike.

Sanduku lilikaa miezi kumi na moja. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kadi ya mwaliko wa harusi, ganda la peremende, na ombi la kurekebishiwa bomba la choo.

"Niliwauliza, ninyi hamkosei?" anakumbuka Adilson. "Basi ninyi malaika, na malaika hawahitaji ndege."

Tening anaangua kicheko akisikia hivyo. Kwake, tatizo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

"Karatasi isiyo na jina ni ya mchongezi," anasema. "Au ya mchawi. Mtu mwenye mama yake ataandikaje 'fulani kakosea' halafu akala naye sinia moja mchana? Na akijiandika mwenyewe? Hiyo aibu ataificha wapi?"

Kisha ikaja asubuhi moja ya Februari. Ndege imejaa, abiria arobaini na mmoja, mapangaboi yako karibu kuanza kuzunguka. Tening anapita na gunia lake, anamwona Keba ameegemea trekta, anamrushia kama kawaida.

"Mla wali, unaendesha hilo trekta kama unapalilia bonde!"

Keba akatabasamu, akatazama chini.

"Nikashtuka," anasimulia Tening. "Mjola umtukane asijibu? Huyo ama mgonjwa ama kafanya jambo. Nikamsogelea. Nikamwambia, mtani, mbona hunijibu?"

Keba mwenyewe anaumalizia mkasa huo, akiwa amekaa kwenye kiti cha trekta lile lile. Ana miaka thelathini na minne, mikono mikubwa na haya nyingi.

"Nilikuwa nimerudi nyuma na tela la mizigo, likagusa ubavu wa ndege. Likagusa tu, nilijiambia. Nikatazama, pamebonyea kidogo. Nikasema pengine palikuwa hivyo tangu Dakar. Mke wangu alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita. Nikawaza kazi. Lakini huyu bibi akisimama mbele yako na utani wake, unadanganyaje? Mtani hadanganywi. Nikamwambia."

Tening hakwenda kwenye sanduku. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa uwanja, Ansoumana Goudiaby, ambaye kwa bahati njema naye ni Mjola. Akaingia bila kubisha hodi. Mkuu alikuwa amesimama dirishani. Tening akakalia kiti chake.

"Mtumwa wangu," akamwambia, kama watani hao wanavyoitana, "leo bosi ni mimi. Simamisha hiyo ndege."

Goudiaby anakiri kwamba alianza kwa kucheka. Kisha akaona uso wake, akanyanyua simu ya mnara wa kuongozea ndege.

Fundi aliyeletwa aligundua kwamba bati la ubavuni halikubonyea tu. Lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Huko juu, hewa ya ndani husukuma bati lile kwa nguvu, na ufa wa namna hiyo hurefuka. Abiria walilalamika sana siku ile, na mmoja alitishia kuandika gazetini. Walisafiri kesho yake, wote arobaini na mmoja.

Mkuu alitaka kumfukuza Keba jioni hiyo hiyo. Adilson alimwonyesha kanuni, ukurasa na mstari. Goudiaby akasema kanuni anaijua, lakini hasira anayo. Ndipo Tening, aliyekuwa bado hajatoka kwenye kile kiti, akasema la mwisho.

"Aliyoniambia kaniambia kwa utani. Ukimgusa, umeuvunja utani. Nenda basi kawaeleze wazee wa kwenu kwamba wewe ndiye uliyeuvunja."

Keba hakuguswa. Wiki iliyofuata likawekwa benchi kwenye kibanda cha mizigo, na kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Tening akawa anakaa pale na kuwatukana watu. Ndivyo wanavyosema wenyewe: "Twende tukatukanwe." Anamshika mmoja mmoja, anamchokoza, na katikati ya kicheko makosa yanatoka. Msafishaji aliyesahau ndoo karibu na gurudumu. Mjaza mafuta aliyefunga kifuniko nusu. Hata wa mnarani aliyesinzia dakika mbili. Adilson anakaa pembeni na kujaza fomu, bila majina. Kwa kuwa yeye hana mtani huku, walimtawaza kuwa Mserere ili Wajola wapate haki ya kumsimanga. Tangu siku hiyo kahawa yake isiyo na sukari haijapumzika.

"Nimefunga masanduku katika nchi nane," anasema Adilson. "Kanuni inasema mwenye kusema asiadhibiwe. Nzuri sana, lakini ni karatasi. Hapa niliikuta kanuni hiyo hiyo imekaa kwenye benchi, inanitukana."

Kwa mwaka mmoja na nusu, benchi limetoa taarifa sitini na tatu. Wakaguzi waliporudi walizisoma zote, wakauliza jina la mfumo huo. Hakuna aliyejua wajibu nini.

Sasa tuje kwenye Alhamisi ya wiki ile mwandishi aliyokaa Kafolong.

Asubuhi Tening alitembea njia kama kawaida, akigeuza kichwa kila hatua tatu nne. Ndege ikatua, ikazuiwa na mvua iliyokuwa Dakar, ikaondoka saa sita na nusu. Miongoni mwa waliopanda alikuwamo mjukuu wa jirani yake, msichana wa miaka sita aliyekuwa anapelekwa Dakar kutibiwa moyo. Tening ndiye aliyemfunga kamba za kofia, akamwambia akifika juu ayasalimie mawingu.

Mchana watu wakala wali kwa samaki, sinia mbili kubwa. Birika la ataya, chai nzito ya Senegal, likabandikwa kwenye jiko la makaa kando ya benchi. Watu kumi na watano wakakusanyika kibandani, mkuu wa uwanja akiwa mmoja wao, na Tening akakalia benchi lake.

"Nani anaanza? Au leo wote mmetakasika?"

Keba akasimama. Alikuwa anatabasamu, mkono mmoja mfukoni.

"Naanza mimi," akasema. "Bibi mtama, nina zawadi yako. Nimekuokotea kitoweo."

Akatoa bolti. Ilikuwa ya chuma, nene, ndefu kuliko kidole gumba.

"Nilikwenda na watu wa zimamoto kusimamisha taa iliyoanguka pembeni mwa njia, ndege ikiwa imeshaondoka," akaendelea. "Nikaiona hii kwenye lami, upande wa kushoto. Upande wako, mtani. Ulipita, ukaiachia ndege nayo ipite. Mtama umekwisha kwenu siku hizi, mnapanda vyuma?"

Watu wakacheka na kumgeukia Tening. Huwa hachelewi. Wakangoja jibu, lakini jibu halikuja.

Kicheko kikafifia kidogo kidogo. Ataya ikachemka na kumwagikia makaa, hakuna aliyeinuka. Tabasamu lilikuwa limemtoka Keba.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "mbona hunijibu?"

Pengine hakukumbuka kwamba hayo ndiyo maneno aliyoambiwa yeye, asubuhi ile ya Februari. Tening alikumbuka. Akanyoosha kiganja.

"Lete hapa."

Akaisogeza bolti kwenye jicho la kulia, karibu kabisa. Kisha akaihamishia kwenye la kushoto, akaitazama kwa jicho hilo muda mrefu zaidi.

"Kwa hili hapa siioni," akasema. "Naona moshi tu. Tangu sikukuu ya kuchinja."

"Lakini ulipimwa Januari!" akasema Goudiaby. "Nesi alikupitisha!"

"Nilipitishwa na huyu." Akamwonyesha Keba kwa kidevu. "Alinitangulia. Mlango ulikuwa wazi, nami nimekaa nje kwenye foleni. Nesi anamwonyesha zile herufi E zilizogeuzwa huku na huko, yeye anapaza sauti kama anauza samaki. Juu, chini, kushoto, kushoto, kulia. Nikakariri. Nilipoingia nikamwimbia nesi wimbo wote, nikaongeza na madaha."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, na Tening mwenyewe akacheka pamoja nao huku machozi yanamtiririka. Mwandishi huyu alikuwa amekuja kuandika makala ya kuchekesha kuhusu watani na ndege. Alijikuta anafuta miwani.

"Nyote nimewakalisha hapa," akasema Tening. "Nimewakamua mpaka mkasema. Na mimi nakaa juu ya benchi hili hili na jicho bovu, nimenyamaza. Yule mtoto nilimfunga kofia kwa mikono yangu. Ningemwambia nini bibi yake?"

Hapo simu ya kibandani ikalia, kutoka mnarani. Dakar wamesema ndege imetua salama. Keba akaketi chini, pale pale sakafuni.

Goudiaby alisimama. Ni mtu mnene na mpole. Angeweza kusema kama bosi. Alijikohoza, akaamua vinginevyo.

"Mtumwa wangu," akasema, "kuanzia kesho hutembei njia yangu. Mshahara wako haugusiki, maana najua ukinyimwa senti moja utakuja kukalia kiti changu. Benchi ni lako. Na Jumatano ijayo unakwenda hospitali ya Ziguinchor kutolewa huo mtoto wa jicho. Nitakupeleka mwenyewe kwa gari langu. Usile mtama siku hiyo, utanichafulia viti."

"Gari lenyewe linanuka wali," akajibu Tening, akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Kibanda kizima kikapumua.

Adilson alikuwa ameshafungua fomu, ya sitini na nne. Alipofika kwenye swali la mwisho, linalouliza nini kifanyike ili jambo lisitokee tena, alimsomea Tening kwa sauti. Tening hakufikiri mara mbili.

"Andika: nesi afunge mlango. Na chati igeuzwe kila mwaka, sisi watu wa kukariri ni wengi."

Siku hiyo hiyo mlango ulianza kufungwa. Watu wanne walirudishwa kupimwa upya, na mmoja, wa gari la zimamoto, akapewa miwani. Tening ndiye aliyemruhusu mwandishi kuyaandika haya yote. Alimpa sharti moja tu, kwamba asimwite shujaa, kwa sababu shujaa hapiti bolti.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, wanne wanajipanga tena kwa upana wa lami. Upande wa kushoto amesimama Keba Sagna, amevaa fulana ya njano inayombana, gunia mkononi. Tening amekaa ukingoni kwenye ndoo iliyogeuzwa, na ndala zake miguuni. Hii ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa.

"Polepole, tumbo la wali! Unakimbilia wapi? Wali bado haujaiva!"

Mwandishi anamuuliza anapanga nini sasa. Uso ameugeuzia kule wanakotembea, jicho lile zima mbele.

"Daktari akinifungua jicho, nitarudi. Najua nitabakiza miezi michache. Hata ikiwa siku moja. Siku ya mwisho nataka niitembee njia yote, kwenda na kurudi, kwa macho mawili. Halafu nivue zile buti nimpe yule pale. Zitambana, lakini atajifunza."

Na benchi je, nani atalikalia akiondoka?

Anaonyesha kibanda cha mizigo. Juu ya benchi, kwenye msumari, Keba ameitundika ile bolti kwa uzi wa kuvulia samaki. Wakubwa walisema iondolewe, si mapambo. Tening alikataa.

"Atakayekaa pale baada yangu aitazame kwanza," anasema. "Ndipo afungue mdomo kumtania mtu."

Kule mwisho wa lami, Keba anainama na kuokota kitu. Anakiinua juu ili kionekane kutoka huku. Tening anakaza jicho moja, anashindwa, kisha anapaza sauti.

"Mtani! Ni nini hicho?"

"Konokono!" sauti inarudi.

"Mzima?"

"Mzima!"

"Basi mtoe nje ya uzio taratibu," anasema Tening Ngom. "Naye alikuwa na safari yake."